Slufay Iliyofupishwa

Wapishi wa hotelini, waliotoka Moshi na Tanga, waliiita slufay yetu "sulufai". Nilikuwa nawasahihisha, nao wananiambia Kiiraqw ni lugha ya kutafuna kokoto, nami nawajibu kwamba ndimi zao zimelegea kwa kunywa uji. Tunacheka, kazi inaendelea. Mimi nilikuwa dobi pale, hotelini juu ya ukingo wa kreta, nafua na kupiga pasi mashuka ya wageni, na nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu. Kicheko changu lakini kilikuwa cha mdomoni. Walichokuwa wakikitamka ovyo kilikuwa cha baba yangu, na nilijua kilivyokuwa kikifanya kazi kwetu Qurus kabla ya hoteli kukitia mkono.

Slufay ni sala, ila si ya kanisani. Kikao cha wazee kikimalizika, au harusi, au kazi ya kualikana shambani, na watu wameshalainika kidogo kwa pombe ya mtama, mzee mmoja anasimama na kuanza kuomba. Anamwomba Looa, ndiye Mungu kwa lugha yetu, alete mvua isiyobomoa, wagonjwa wainuke, ng'ombe wazae, ugomvi wa majirani upoe. Maneno yamepangwa tangu enzi za mababu, si ya kujitungia papo hapo. Akimaliza kipande ananyamaza, na wanaume waliomzunguka wanaitikia kwa pamoja kwa sauti nzito ya kifuani. Ndipo anaingia kipande kingine. Asipoitikiwa haendelei. Ukilielewa hilo umeelewa yote, na watu wa hoteli hawakulielewa mpaka mwisho.

Baba alikuwa msemaji wa slufay anayeitwa mpaka kata za jirani. Kiongozi wa waitikiaji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ambayo ukiisikia bila kumwona utadhani ni ya jitu. Wawili hao waliitana shemeji hata pale ambapo "wee" ingetosha. Baba akisema, mjomba alikuwa anafumba macho, na kabla kipande hakijaisha kifua chake kimeshajaa hewa. Niliwahi kumuuliza mjomba kwa nini haendi kusema yeye mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, kusema ni kazi ya mmoja. Kuitikia ni kazi ya watu."

Na ilikuwa kazi kweli. Nakumbuka majirani wetu wawili waliokuwa wamegombania mpaka wa shamba hadi hawasalimiani, wakipishana njiani kila mmoja anageuza uso kama amepita nguruwe. Walikuja kwenye kikao kwa baba, wakakaa kila mtu upande wake. Ilipofika slufay wakaitikia wote wawili, maana kutoitikia ni aibu kubwa, na ukishaitikia pamoja na mtu kwamba ugomvi upoe, kesho utamtazamaje? Msimu ule mmoja alimwazima mwenzake maksai wa kulimia. Sikuona hakimu aliyelipwa wala karani aliyeandika. Niliona tu maksai wakipita mbele ya nyumba yetu asubuhi, nikajua yamekwisha.

Kuna kipande kimoja ambacho ni cha binti anayeolewa. Baba alikipokea kwa baba yake, na kwetu hakuna msemaji mwingine aliyekuwa nacho. Alimsemea dada yangu mkubwa siku ya harusi yake, mimi nikiwa bado mtoto, tumejazana jikoni na wanawake tunageuza vyungu. Jikoni maneno yenyewe hayafiki vizuri. Kinachofika ni kiitikio, na kiitikio cha binti si kama vingine, kinapanda mwishoni, kinakuwa chepesi, utafikiri wanaume wote wale wameinua kitu kimoja. Dada alilia, mama akalia, na mimi nikalia kwa wivu mtupu. Tangu siku ile nilitaka jambo moja kwenye harusi yangu: kitenge kipya kikipatikana sawa, kisipopatikana sawa, lakini nisemewe kipande kile na kiitikiwe vile vile.

Haya. Akaja afisa utamaduni kutoka wilayani, akatukusanya kwenye ofisi ya kijiji, akasema utamaduni ni mali. Serikali inataka wananchi wanufaike na mali hiyo, hoteli inatafuta vikundi vya kuwaburudisha wageni, na amesikia hapa kuna wazee wenye sanaa. Mjomba akanyoosha mkono. "Mali ya kwato au ya mfukoni?" Watu wakaangua kicheko. Afisa akasema ya mfukoni. Mjomba akauliza tena, "Na inagawanywa vipi?" Afisa akasema watagawana wenyewe. Lile jibu lilikuwa zuri, na laiti lingebaki hivyo.

Walienda watano, baba na waitikiaji wanne, Land Rover ya hoteli ikija kuwachukua. Wageni walikuwa wamerudi kutoka kreta wana vumbi mpaka kwenye kope, wamekaa barazani na vinywaji vyao, jua bado liko. Nilisimama mlangoni na kapu langu la nguo. Baba akasema, wanne wakaitikia, na nakwambia baraza lile la mawe lilitetemeka. Wageni waliweka glasi chini. Hawakuelewa neno hata moja lakini walielewa kwamba wako mbele ya jambo. Nilijisikia fahari hadi nikaunguza foronya mbili siku ile, na mkubwa wangu akanisema sana.

Waliendelea hivyo msimu mzima. Kisha msimamizi wa wageni, kijana mmoja maridadi wa Arusha mwenye suruali ya bugaluu, akamwita baba pembeni. Nilikuwa naanika, nilisikia kila kitu. "Mzee, wewe ni hazina. Lakini programu ni ndefu, chakula kinapoa. Halafu hawa wanne, samahani, kazi yao ni kuguna tu. Tukuchukue wewe peke yako, tukulipe vizuri zaidi. Ufupishe kidogo." Baba alisimama anageuza kofia yake mikononi. Akasema atafikiri.

Nyumba yetu ilikuwa ya tembe, paa la udongo, na masika yale lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha mama. Mama alikuwa amelala na sufuria miguuni. Baba alipomweleza, mama hakuzungushazungusha. "Nataka bati," alisema. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu, na mtu akimlaumu mbele yangu tutakosana. Bati lilikuja, likafuata na cherehani, mama akawa anashona sare za shule za watoto wa nusu ya kijiji, na mimi nililala pakavu chini ya bati lile miaka yote iliyofuata. Kwa hiyo nikisema yaliyofuata msidhani nasema slufay haikutulisha. Ilitulisha.

Mjomba alikuja nyumbani siku alipopata habari. Alikataa kiti.

"Shemeji, nasikia unaenda peke yako."

"Wamesema hivyo wao, shemeji."

"Na nani anakuitikia kule?"

Baba akatazama chini. "Wanapiga makofi."

"Makofi si kuitikia," mjomba akasema. "Makofi ni kumwambia mtu basi, imetosha." Akaondoka. Mama akamwita, "Kaka, hata chai?" hakugeuka.

Ilikuwa kweli tupu. Mara ya kwanza baba aliposimama peke yake barazani, alimaliza kipande, akanyamaza akisubiri kama mwili ulivyozoea. Wageni wakadhani amemaliza. Wakapiga makofi, wengine wakaanza kuinuka. Niliona mabega ya baba yakishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaendelea, akanyamaza, makofi tena. Na walikuwa wamemvika shuka nyekundu! Baba yangu, mkulima wa ngano na mahindi, mtu wa koti jeusi na kofia, amevikwa shuka na kupewa mkuki, kwa sababu wageni walitarajia Mmaasai. Mlinzi wa getini, Mmaasai hasa wa kule Sale, alikuja kwangu akinong'ona, "Dada, mwambie mzee shuka amefunga kama mwanamke anayebeba mtoto." Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu, lakini si huyo mlinzi.

Siku zilivyokwenda, baba akapata dawa ya makofi. Akawa hanyamazi. Mwisho wa kipande anajiitikia mwenyewe, chinichini, haraka, kisha anaruka kwenye kingine kabla mikono ya wageni haijakutana. Halafu akaanza kupunguza vipande. Hiki kirefu, kitolewe. Hiki ni cha mipaka ya nchi yetu, hakiwahusu, kitolewe. Msimamizi akafurahi sana, akamvika kilemba cha ukoka, akamwambia sasa ni msanii kamili. Mimi nilikuwa nasikiliza kutoka chumba cha pasi na moyo unaniuma, maana kipande cha binti sikukisikia kamwe pale. Nilijifariji kwamba hakikuwa cha mahali pale, kwamba amekihifadhi nyumbani kwa ajili yangu.

Kijijini nako mambo yaligeuka. Hakuna aliyemtukana baba. Kwetu hatutukanani hivyo. Walipunguza tu kuja. Mama akipika pombe na kualika watu kuvuna, zamani wanajaa shamba zima, sasa wanakuja wachache, na hao wachache wana dharura kabla ya jua kusimama. Ngano ilibaki shambani mpaka mvua ikaikuta. Kwenye vikao akaanza kuitwa msemaji mwingine, kijana kuliko baba, slufay yake si mbaya, na mjomba akamwitikia huyo. Baba alihudhuria kikao kimoja tu cha namna hiyo. Wakamwomba, kwa heshima, aseme kidogo. Akasimama, akasema kipande cha kwanza, wanaume wakavuta pumzi kuitikia, na yeye akawa ameshajiitikia na kuruka mbele. Sauti zao zikagongana na zake. Wakajaribu tena, zikagongana tena. Mara ya tatu hawakujaribu. Baba aliendelea peke yake, akasikia ukimya, akaacha katikati. Alirudi nyumbani akakaa chini ya bati lake.

Kisha mpaka na Kenya ukafungwa. Wageni wetu karibu wote walikuwa wanapitia Nairobi, wakakatika ghafla. Hoteli ikapunguza watu, nikarudi nyumbani na sanduku langu, na baba akaambiwa ataitwa wageni wakirejea. Shuka waliichukua. Ndivyo lilivyokwisha jambo ambalo afisa aliliita mali: siku moja lipo, siku moja gari halikuja.

Miaka michache baadaye nilichumbiwa na kijana fundi seremala wa Karatu mjini. Zilikuwa siku zile ngumu, sabuni ya foleni, sukari ya kibali, na mama alishona gauni langu kwa kitambaa cha pazia, mungu wangu, pazia la kijani! Sikujali. Nilimwendea baba zizini nikamwambia, "Baba, mimi nataka kipande changu." Alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nitakusemea, mwanangu. Lakini mimi nina mdomo tu."

Nilielewa. Mama naye alielewa, akajifunga kanga akaenda kwa kaka yake, na mimi nyuma yake. Alimkuta anapukuchua mahindi. Akamwambia, "Kaka, bati ni langu. Mimi ndiye niliyelitaka. Kama una hasira nimalizie mimi, usimmalizie huyu mtoto." Mjomba alipukuchua gunzi lile mpaka likabaki tupu. "Nitakuja kula," alisema. "Kuitikia, sijui. Nilishaambiwa naguna tu." Kwa hiyo habari ile ilimfikia, tena kwa neno lile lile. Mama alilia njia nzima. Mimi sikulia, nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilipiga teke kila jiwe.

Siku ya harusi tulitoka kanisani, tukarudi nyumbani, watu wakala. Mjomba alikuja, akakaa mbali karibu na ua, kibuyu mkononi. Baba akasimama. Alivaa koti lake jeusi lililochakaa viwiko. Mimi nilikuwa bibi harusi, kwa hiyo siku hiyo sikuwa jikoni, nilikaa karibu, na kila kitu nilikiona.

Alisema kipande cha kwanza, akanyamaza.

Hakuna aliyeitikia. Vichwa vyote vilikuwa vinamtazama mjomba. Niliona midomo ya baba ikicheza, ile tabia ya barazani inataka kujiitikia na kuruka. Aliifunga midomo, akaibana kwa meno. Alisubiri. Kuku walipita katikati. Mtoto mmoja alilia akabebwa. Baba alisimama tu mbele ya watu wote, mtu mzima, anasubiri, jasho linamtoka, na mimi nilikuwa nawaomba Looa na Yesu na yeyote anayesikia.

Mjomba akaweka kibuyu chini. Akaitikia.

Uwanja mzima ukaitikia nyuma yake, na baba akafumba macho. Vipande vikaja, kimoja kinavuta kingine, taratibu, kila mtu na nafasi yake. Alipofika kwenye mipaka ya nchi alikwama, kile alichokuwa amekitoa hotelini. Mjomba akamtupia maneno ya mwanzo kutoka kule alikokaa, baba akayadaka, akaenda. Akakwama tena kwa wagonjwa, mjomba akamtupia tena. Watu wakaanza kutabasamu. Nami nikatabasamu, nikajiambia, imepona.

Halafu akanigeukia mimi. Nilijua wakati umefika kwa sababu alivua kofia.

Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Akamtazama mjomba. Mjomba alikuwa ameshainuka, anakuja karibu, na nilimwona usoni kwamba hana. Maneno ya kipande kile hayakuwahi kuwa yake, yalikuwa ya baba na ya babu, yeye alikuwa na kiitikio tu. Baba akawatazama wazee mmoja mmoja, nao wakainamisha vichwa. Akasema kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kimenipotea." Mama alishika mdomo. Mimi niliganda na gauni langu la pazia.

Mjomba akasimama kando ya baba, akafumba macho. Akakaa kimya muda ule ambao maneno yangechukua kama yangekuwepo. Kisha akaitikia, kile kiitikio cha binti kinachopanda mwishoni. Wanaume wakaduwaa, mara wakaelewa. Akakaa kimya tena, nao wakakaa kimya naye, kila mmoja akisubiri kipande kisichosemwa kiishe, halafu wakaitikia wote. Wakanisemea hivyo harusi yangu, kimya na kiitikio, kimya na kiitikio, mpaka mwisho wake.

Zamu ya mwisho baba naye aliitikia. Sauti yake ilikuwa katikati ya zao, na hakuna aliyekuwa amesema kitu.